Bethwell Ogot: Kiswahili mlangoni, Kiingereza ndani

Mwaka 1968, jijini Nairobi, shirika la East African Publishing House lilitoa kitabu cha historia ya Afrika Mashariki kilichohaririwa na mwanahistoria Mkenya Bethwell Allan Ogot pamoja na J. A. Kieran. Jina lake lilikuwa Zamani. Mwaka huohuo ukaanza mfululizo wa vitabu vilivyokusanya makala za mikutano ya Chama cha Historia cha Kenya, mhariri akiwa Ogot yuleyule, nao ukaitwa Hadith. Ni maneno ambayo mtoto mdogo wa Lamu, Kigoma au Kisumu anayaelewa bila kufafanuliwa. Ila ukishafunua jalada unakutana na Kiingereza kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.

Jambo hili limenikaa moyoni muda mrefu, na limenirudia kwa nguvu tangu Ogot alipofariki tarehe 30 Januari 2025, akiwa na umri wa miaka 95. Tanzia nyingi zilihesabu vyeo: mkuu wa idara ya historia, mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya taaluma za Afrika pale Chuo Kikuu cha Nairobi, mwenyekiti wa kamati ya UNESCO, Chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Vyeo hivyo alivitumikia na alivistahili. Lakini kazi yake kubwa kuliko zote, kwa maoni yangu, aliifanya akiwa hana cheo chochote, mwanzoni mwa miaka ya 1960, alipozunguka Nyanza na mashariki mwa Uganda akiwasikiliza wazee na kuandika waliyomwambia. Na kazi hiyo ina deni ambalo hakulimaliza yeye wala hatujalimaliza sisi tuliobaki. Maneno yalitoka kwa wazee kwa Dholuo, lugha ya Wajaluo, yakaenda kwenye kitabu kwa Kiingereza, na mpaka leo hayajarudi nyumbani.

Ogot alizaliwa Gem, katika Kaunti ya Siaya ya leo, Agosti 1929. Alipita Shule ya Maseno, akaenda Makerere, akafundisha katika shule ya Alliance, kisha akasafiri hadi St Andrews, Uskoti, kusoma historia na falsafa. Baadaye alijiandikisha kwa shahada ya uzamivu London. Alitaka kuandika historia ya Wajaluo kabla ya wakoloni, na hapo ndipo palipokuwa na mgogoro wa kitaaluma. Kwa wasomi wengi wa wakati ule, historia ilikuwa ni kile kilichomo kwenye nyaraka. Pasipo nyaraka waliachiwa wanaanthropolojia na waakiolojia. Mwaka 1963, Hugh Trevor-Roper, profesa wa historia pale Oxford, alisema hadharani kwamba huenda siku moja kutakuwa na historia ya Afrika ya kufundishwa, ila kwa sasa ipo ya Wazungu walioko Afrika tu, na kwingine ni giza. Hakuwa mtu wa pembeni aliyesema hivyo. Alikuwa ameketi kwenye kiti kikubwa cha taaluma yenyewe.

Katika hali hiyo, kijana wa Gem anaposema atawahoji wazee na majibu yao yatakuwa ushahidi wa tasnifu, anaomba kubadilishiwa kanuni za mchezo mzima. Hakuwa peke yake. Jan Vansina, Mbelgiji aliyefanya utafiti Kongo na Rwanda, alikuwa ametoa kitabu chake kuhusu mapokeo simulizi mwaka 1961, na kule Tanzania Isaria Kimambo alikuja kuwaandika Wapare kwa njia hiyohiyo, kitabu chake kikatoka 1969. Hata hivyo mtu akisoma leo kitabu cha Ogot cha 1967 kuhusu Waluo wa Kusini, yaani Wajaluo wa Kenya na ndugu zao Wapadhola wa Uganda, uhamaji na makazi yao kati ya mwaka 1500 na 1900, anaona jinsi kila aya ilivyolazimika kujitetea. Kila dai limeshikizwa kwa mzee fulani, wa ukoo fulani, likapimwa kwa kauli ya mwingine wa ukoo mwingine.

Nieleze kwa mfano, maana hapa ndipo ustadi wenyewe ulipo.

Kuna hadithi ya mkuki na ushanga. Ndugu wawili wanaishi pamoja. Tembo anavamia shamba, mmoja anashika mkuki ulio karibu, ambao ni wa nduguye, anamchoma tembo nao, na tembo anatoroka nao porini. Mwenye mkuki anakataa mbadala wowote. Anautaka uleule. Yule aliyeupoteza anaingia nchi ya tembo, anakutana na bibi kizee anayempa mkuki pamoja na shanga, na anarudi. Siku zinapita, mtoto wa yule aliyedai mkuki anameza ushanga mmoja. Sasa ni zamu ya ndugu wa pili kudai ushanga wake uleule, si mwingine. Mtoto anapasuliwa tumbo. Ndugu wanaachana milele. Waacholi wanaisimulia, Waalur wanaisimulia, Wajaluo wa Kenya wanaisimulia. Kwingine ndugu hao ni Gipir na Labongo, na kwa Wajaluo ni Aruwa na Podho. Wasimulizi wengi wanasema waliachana Pubungu, karibu na Pakwach, pale mto Nile unapotoka Ziwa Albert.

Msomi mwenye haraka ana njia mbili. Ya kwanza ni kuiamini yote, aandike kwamba mnamo karne fulani kulikuwa na mtoto aliyepasuliwa tumbo. Ya pili ni kuitupa yote, aseme ni ngano za jioni. Ogot alikwenda njia ya tatu. Watu waliotawanyika kwa mamia ya kilomita, ambao wengine hawakuwa wakionana kabisa, wanawezaje kushika kisa kimoja na kukielekeza mahali pamoja? Tumbo la mtoto haliwezi kuthibitishwa. Kinachothibitika ni kwamba makundi haya yanakumbuka kuwa yaliwahi kuwa pamoja, na kwamba kuachana kwao kulikuwa na uchungu. Ukishapata hilo, unaweka kisa pembeni na kuanza kuuliza maswali makavu: ninyi mlipita wapi baada ya hapo? Mliwakuta akina nani? Jina la kilima ni lipi? Nani alizikwa wapi?

Kutokana na majibu ya namna hiyo Ogot alichora mikondo ya watu walioingia Nyanza kwa nyakati tofauti. Waliotangulia ni Joka-Jok, waliofanya makazi yao ya awali kwenye Kilima cha Ramogi kule Yimbo, kando ya ziwa. Wakafuata Joka-Owiny, ambao simulizi zao zinawaunganisha na Wapadhola wa upande wa Tororo, mashariki mwa Uganda, kwani Adhola na Owiny wanatajwa kuwa ndugu, mmoja akabaki na mwingine akaendelea na safari. Wakaja Joka-Omolo. Na kuna Wasuba, watu wenye asili ya Kibantu ambao wengi wao walikuja kuzungumza Dholuo na kuhesabiwa miongoni mwa Wajaluo.

Kisha kuna suala la tarehe. Mzee hakwambii mwaka. Anakwambia baba, babu, baba wa babu, mpaka anafika kwa aliyevuka mto. Mwanahistoria anahesabu vizazi na kuvizidisha kwa wastani wa miaka. Tuseme nasaba ina vizazi 15 na kila kizazi kimepewa miaka 27: ni miaka 405, na ukirudi nyuma kutoka 1960 unafika 1555. Ukikipa kizazi miaka 25 unapata miaka 375, ukikipa 30 unapata 450. Tofauti ni miaka 75 nzima, yaani umri wa mtu mzee. Hapo hatujasema kwamba nasaba husahau watu wa katikati wasio na sifa, au huwapanga ndugu wawili kana kwamba mmoja alimzaa mwingine. Mwanahistoria David Henige aliandika kitabu kizima mwaka 1974 kuonyesha jinsi tarehe za aina hii zinavyoteleza. Sidhani hoja hiyo inabomoa kazi ya Ogot. Mpangilio wa nani alitangulia nani unasimama hata miaka ikiyumba. Lakini ile 1500 iliyoandikwa jaladani inafaa isomwe kwa upole, kama mtu anayesema "wakati wa mababu wa mababu zetu," si kama tarehe ya cheti cha kuzaliwa.

Kinachonisumbua zaidi ya tarehe ni ardhi. Katika nchi ya Wajaluo kuna tofauti kati ya weg lowo, wenye ardhi, na jodak, waliokaribishwa wakapewa mahali pa kuishi na kulima. Nani ni nani kunategemea nani alifika kwanza, na nani alifika kwanza kunategemea simulizi ya ukoo. Ogot alikuwa akikusanya simulizi hizo katika miaka ambayo Kenya, kufuatia Mpango wa Swynnerton wa 1954, mpango wa serikali ya kikoloni kuhusu kilimo na umiliki wa ardhi, ilikuwa inaelekea kwenye kupima mashamba na kutoa hati miliki. Mzee anayemweleza mtafiti kwamba ukoo wake ndio uliofyeka msitu wa kwanza hasimulii ya kale tu. Anaweka dai. Na simulizi ikishachapishwa kitabuni inapata nguvu mpya. Wajukuu wataisoma, wataikariri, na mtafiti atakayekuja miaka 30 baadaye ataisikia ikitoka mdomoni mwa mzee, asijue anasikia mapokeo ya ukoo au mwangwi wa kitabu. Ogot alijua hatari ya upendeleo wa koo, ndiyo maana alilinganisha kauli za koo nyingi. Ila kulinganisha kunapunguza tatizo, hakuliondoi. Ningetamani angelizungumzia suala la ardhi waziwazi zaidi, kwa kuwa yeye, mtoto wa Gem, alilielewa kuliko mgeni yeyote.

Halafu wapo waliokosekana kwenye mahojiano. Kwa sehemu kubwa, waliosikilizwa ni wanaume wazee, wale wa duol, kibanda ambamo mwenye boma huketi na wenzake kuamua mambo. Lakini Wajaluo walikuwa na nyumba nyingine ya maarifa, siwindhe, ambamo mwanamke mzee aitwaye pim alilala na watoto na wasichana, akiwafunza mambo ya maisha na kuwasimulia usiku hadi wapitiwe na usingizi. Pim mara nyingi alitoka mbali na alijua watu wa kwingine. Elimu yake haikuwa ya mipaka ya ukoo na ushindi wa vita. Ilikuwa ya ndoa, uzazi, maradhi, njaa, urafiki kati ya nyumba na nyumba. Mwaka 1985 mwanahistoria David William Cohen aliandika makala akihoji historia ingekuwaje ikitazamwa kutoka mlangoni mwa pim, na miaka minne baadaye, yeye na E. S. Atieno Odhiambo wakatoa kitabu chao kuhusu Siaya. Ukiwasoma baada ya Ogot, unaona kwamba yeye alitupa njia za misafara, nao wakatuingiza ndani ya nyumba. Tunahitaji vyote viwili, ila bila yeye wao wasingekuwa na pa kuanzia.

Cha ajabu ni kwamba siwindhe ilikuwamo nyumbani kwa Ogot mwenyewe. Mwaka 1959 alimwoa Grace Akinyi, muuguzi aliyekuja kuwa mmoja wa waandishi wakubwa wa Kenya na kufariki Machi 2015. Grace alichota kwenye ngano alizosimuliwa na bibi yake, akazigeuza riwaya na hadithi fupi. Riwaya yake ya kwanza ilitoka 1966, mwaka mmoja kabla ya kitabu cha mumewe kuhusu Waluo, na mchapishaji alikuwa yuleyule. Watu wawili chini ya paa moja, wakisikiliza urithi mmoja, mmoja akiuliza ni lini na wapi, mwingine akiuliza walijisikiaje. Kisha Grace alifanya jambo ambalo mumewe hakulifanya katika vitabu vyake vikubwa: alianza kuandika kwa Dholuo. Ber Wat kilitoka 1981, Miaha kikatoka 1983. Alitaka watu wa kijijini wamsome bila mkalimani. Miaha kilitafsiriwa kwa Kiingereza baadaye, yaani safari ilianzia nyumbani ndipo ikaenda ugenini.

Na si kwamba kuandika ya kale kwa Dholuo kulikuwa jambo geni. Paul Mboya alikuwa ameandika kuhusu mila na desturi za Wajaluo kwa Dholuo tangu 1938. Kwa hiyo Kiingereza cha Ogot kilikuwa uamuzi. Naelewa kwa nini. Vita aliyopigana ilikuwa London na Oxford, na katika vita hiyo silaha pekee iliyohesabiwa ilikuwa tasnifu ya Kiingereza yenye tanbihi. Angeandika kwa Dholuo mwaka 1965, wale waliosema Afrika ni giza wasingegundua hata kwamba wamejibiwa. Alishinda vita hiyo. Leo hakuna idara ya historia inayoheshimika inayokataa mapokeo simulizi kama chanzo. Lakini tuliendelea kubeba silaha ileile miaka 60 baada ya vita kwisha.

Watu humlaumu Ogot kwa jambo jingine, kwamba aliandika historia ya kabila wakati nchi changa ilihitaji historia ya taifa. Sikubaliani nalo kabisa. Msome vizuri uone. Huyo Mjaluo anayemwandika si mtu aliyeshuka kutoka mbinguni akiwa kamili. Ni mchanganyiko wa waliokuja kwa awamu, waliooa kwa wenyeji, waliobadili lugha, waliobadili riziki zao wakati mwingine kutoka ufugaji kwenda kilimo na uvuvi. Mtu akiisoma historia hiyo kwa makini hawezi tena kusimama jukwaani akadai damu safi. Ugumu ni kwamba wengi wanaopanda majukwaani hawajaisoma, na lugha iliyoandikiwa ni sababu mojawapo.

Ujasiri wake ulionekana pia kwenye suala la Mau Mau. Katika Hadith ya nne, iliyotoka 1972, alichapisha makala kuhusu wale waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni, akitaka kujua walikuwa akina nani na kwa nini walichagua walivyochagua. Nchi ilitaka mashujaa na wasaliti basi. Yeye alisema mwanahistoria hana budi kuwaeleza hata wasaliti. Wapo waliomwona anapunguza heshima ya wapiganaji. Mimi naona alifanya kazi yake, ingawa ningependa kumwona akitumia muda uleule kwa wanawake waliopeleka chakula msituni.

Kuhusu juzuu la pili la Waluo wa Kusini, lile la 1967 lilijiita la kwanza na wasomaji wakasubiri. La pili halikutoka. Miaka ya katikati ilikwenda kwenye kamati, bodi na taasisi, na nchi ikapata kiongozi wa elimu huku ikipungukiwa na mtafiti. Mwaka 2009, akitimiza miaka 80, alitoa kitabu kikubwa kuhusu watu wote wazungumzao lugha za Kiluo katika Afrika Mashariki, kupitia Anyange Press ya Kisumu. Mtu wa umri huo angeweza kupumzika. Yeye alirudi kwenye daftari zake za ujana. Heshima yangu kwake iko hapo kuliko kwenye joho la Chansela.

Katika kamati zote hizo, moja ilikuwa na uzito wa pekee. UNESCO ilianza mwaka 1964 mradi wa kuandika historia kuu ya Afrika kwa juzuu nane, chini ya kamati ya wanazuoni 39, theluthi mbili wakiwa Waafrika. Ogot aliiongoza kamati hiyo kati ya 1978 na 1983, na akahariri juzuu la tano, linalohusu karne ya 16 hadi ya 18, lililotoka 1992. Katika dibaji ya mradi huo, Amadou-Mahtar M'Bow, mkurugenzi mkuu wa UNESCO wakati ule, aliandika kwamba kamati imechagua lugha za kwanza mbili za Kiafrika ambazo kazi hiyo itatafsiriwa kwazo: Kiswahili na Kihausa. Kamati iliyoongozwa na Ogot ilikubali, kwa maandishi, kwamba kazi haijakamilika hadi imfikie msomaji kwa lugha yake. Uliza leo kwenye duka lolote la vitabu la Mombasa, Dodoma au Bukavu kama wana juzuu la tano kwa Kiswahili, uone muuzaji atakavyokutazama.

Nami sitaki kumtwika marehemu mzigo wetu. Tuna vyuo vikuu vyenye idara za Kiswahili na idara za historia kwenye jengo moja, na wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka. Sura moja ya Ogot kwa mwanafunzi mmoja, ikitafsiriwa na kuhakikiwa, ingetupatia kitabu kizima kabla ya miaka mitano kwisha. Ningeanza na Waluo wa Kusini, na ndani yake ningeanza na sura ya Padhola, kwa sababu inavuka mpaka wa Kenya na Uganda na inamhusu msomaji wa pande zote mbili. Na pale ambapo kauli ya mzee aliyehojiwa imehifadhiwa katika lugha aliyoitamka, ningeomba ichapwe kwenye ukurasa wa kushoto jinsi alivyosema, Dholuo au Dhopadhola ya Wapadhola, jina lake na la ukoo wake likiwa juu, na Kiswahili kikae upande wa kulia.